Mwiko wa Mtani, Mafuta ya Kaka

Mkono wangu wa kulia ukiukunja kwenda nyuma haufiki mwisho. Unafika mahali unagoma, kama punda aliyeona daraja. Wateja wangu wanadhani ni spana, miaka mingi ya kukaza na kulegeza. Nawaacha wadhani hivyo, maana ukweli unatia aibu. Nilivunjika kifupa kidogo, kidogo kabisa, kile daktari alichonionyesha kwa ncha ya kalamu, halafu nikaendelea kuendesha baiskeli na mzigo wa asali kana kwamba hakuna kitu. Mtu mwenye akili zake angejua kwamba amevunjika. Lakini mimi shule niliiachia kidato cha pili, na habari za mifupa nadhani walikuwa wamezipanga kidato cha tatu.

Kazi yangu ni baiskeli. Nina kibanda cha mabati pembeni ya soko, hapa Tabora mjini, na watu wananiletea magurudumu hata kutoka Usoke. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Kuziba pancha kila mtu anajua, hata mke wangu. Kunyoosha rimu ndiyo kazi. Gurudumu likipinda unalining'iniza, unalizungusha, unasikiliza linapogusa, halafu spoksi hii unaikaza robo, ile unailegeza kidogo, mpaka linazunguka limetulia kama maji ya mtungini. Macho hayatoshi kwa kazi hiyo. Inataka kifundo cha mkono, na kwangu ni cha kulia. Kifundo hicho ndicho shamba langu, ndicho cheti changu, ndicho kidato cha nne nilichokikosa.

Sasa kaka. Kaka yangu ndiye wa kwanza kwetu, mimi ndiye wa mwisho, katikati kuna dada watatu walioolewa mbali. Baba alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na kaka tayari ana ndevu. Akanilea. Alinipeleka sekondari, na nilipotoroka nikarudi nyumbani na begi kichwani, kila mtu alingoja anichape. Hakunichapa. Aliingia ndani akatoka na baiskeli yake mbovu, akaibwaga mbele yangu, akasema, "Basi soma hii." Nikaisoma. Mpaka leo naisoma. Kwa hiyo nikisema namwamini kaka, nielewe vizuri: nilikuwa namwamini kuliko mguu wangu mwenyewe, maana mguu wangu ulishawahi kuniangusha.

Baba alikuwa muunga mifupa. Hakuwa mganga wa tunguli. Alikuwa mtu wa vijiti, kamba za magome na vidole vipole. Walimletea watoto walioanguka juu ya miti, walimletea na mbuzi. Kaka alirithi vidole vile. Mimi nilirithi masikio ya baba, ambayo ni makubwa.

Kaka anaishi kijijini, upande wa Sikonge, na ana mizinga ya magome huko ndani ya miombo. Kila mwaka wakati wa kurina nafunga kibanda, naenda kumsaidia. Yeye na wenzake wanarina kambini, mimi nabeba. Njia ni nyembamba na ya mchanga, pikipiki zinakwama, na kaka hapendi asali yake ipite mikononi mwa watu. "Mtu wa nje anakupunguzia ndoo kwa ulimi," huwa anasema. Basi anataka damu yake, na damu yake ni mimi, juu ya baiskeli, ndoo mbili kwenye keria na dumu katikati ya fremu.

Mwaka huo lori la mnunuzi lilikuwa linakuja Jumamosi. Mimi nilianguka Jumatano.

Kabla hujaingia kijijini kuna korongo kavu, mchanga mtupu. Kwenye mchanga unashuka, unakokota. Mimi ndiye ninayewafundisha watu hivyo. Siku ile sikushuka. Uani kwa kaka kulikuwa na wanawake wanachuja masega, na nilitaka wanione ninavyoingia kwa mwendo. Gurudumu la mbele likazama, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea.

Nikiwa hewani nilifanya hesabu ya haraka kuliko zote nilizowahi kufanya shuleni. Mkono wa kushoto ukakumbatia ndoo isimwagike. Wa kulia ukatangulia chini. Nikasikia kitu. Haukuwa mlio mkubwa, ilikuwa kama mtu amevunja njiti ya meno ndani ya mto wa kulalia.

Kaka alikuwa ametoka kambini asubuhi hiyo kuja kuangalia uchujaji. Aliniona, akaja mbio.

"Ndoo imepona?"

"Imepona kaka!" nikajibu nikiwa chini, kifua mbele, mchanga mdomoni.

Tulicheka sana. Jamani, tulicheka. Swali lile nimekuja kulitafuna baadaye, miezi, kama nta isiyo na asali.

Uani alikuwepo mtani wangu. Ni Mgogo, mama mtu mzima, aliolewa huku zamani na nyumba yake imepakana na ya kaka. Kila mwaka anakuja kumsaidia shemeji, mke wa kaka, kuchuja. Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Tulivyohadithiwa, babu zetu walikuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, wakipita Ugogoni wanaomba maji, wanagombana, wanazikana njiani, mpaka wakachoka kugombana wakaona bora wataniane. Mpaka leo mtani ana ruhusa ya kukuvua kofia, kukutangaza marehemu, kukutukania ukoo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha. Neno la mtani linachekwa tu. Hakuna mtu kwetu anayelichukua akalala nalo.

"Mpagazi kaanguka na mzigo!" akapiga kelele kabla sijafika mlangoni. "Babu zako walifika pwani na pembe za ndovu kichwani, wewe umeshindwa na korongo!"

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Kwenu mvua ikinyesha mnaipiga picha."

"Tunaipiga, ndiyo, na tunaitundika ukutani. Lete huo mkono."

Nikampa. Kwenye kifundo nilikuwa na bangili ya shaba, nimeivaa tangu nioe. Akachukua sabuni, akaupaka mkono povu, akaivuta bangili mpaka nikaona nyota mchana.

"Hii nimeteka," akasema, akaitia kifuani kwenye kanga yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikalalamika kwa sauti kwamba naibiwa mchana kweupe. Baada ya muda mfupi kifundo kilikuwa kimevimba mnene kama mchi, na hakuna bangili duniani ambayo ingetoka pale bila msumeno. Lakini hilo nalo sikuliona.

"Geuza mkono kama unafungua bomba."

Nikajaribu. Mkono ukakataa.

"Haya, shika sikio langu. Finya kwa nguvu zako zote. Leo nakuruhusu, kesho hutaruhusiwa."

Nikashika sikio lake kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikafinya. Jasho likanitoka mgongoni. Yeye akatulia, anaangalia juu kama mtu anayesubiri basi.

"Umeanza?"

"Nimefinya mpaka mwisho, mtani."

Hapo uso wake ulibadilika kidogo tu, kama wingu dogo limepita. Akauangalia mkono. Halafu akasema kwa sauti ya kutosha uwanja mzima: "Huyu kavunjika. Mpagazi, mkono umekufa. Mimi nitakuja kwenye matanga yake, nitapika na nitalia. Lakini kwanza nenda mjini wakaupige picha, tupate ya kuweka kwenye jeneza."

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, na kila nikicheka mkono unauma.

Akaenda jikoni, akarudi na mwiko wake mrefu wa kusongea ugali wa shughuli. Akaufuta kwa upindo wa kanga. Akaviringisha kitenge chakavu kwenye mkono wangu, juu yake akalaza mwiko, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, akachana kitambaa akafunga huku na huku, akaacha pale panapouma bila fundo. Akanibonyeza ukucha, akaangalia mpaka wekundu urudi. Kisha akaninyanyua mkono kifuani, akaufunga kwa kanga shingoni.

"Tembea tukuone."

Nikatembea. Nilitembea kama mkuu wa mkoa anayekagua gwaride, mwiko umechomoza mbele, napokea heshima kwa mkono wa kushoto. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Na kitu kimoja nakumbuka vizuri sana: maumivu yalikuwa yamepungua. Mkono ulitulia ndani ya mwiko kama mtoto mgongoni. Ningekuwa na akili ningejiuliza ni mchezo gani huu unaotuliza mkono. Sikujiuliza. Ulikuwa mchezo wa mtani.

Kaka alikuwa akipima ndoo na dumu. Alipomaliza akaja, hakucheka.

"Toa mwiko huo. Tuache mchezo."

Akafungua vitambaa. Akanikalisha kwenye kigoda, akauweka mkono wangu juu ya goti lake. Akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, akihama kidogo kidogo, kama ninavyofanya mimi nikitafuta pancha kwenye tyubu ndani ya beseni. Upande wa kidole kidogo, nimetulia. Katikati, nimetulia. Alipofika chini ya kidole gumba, kwenye kile kishimo, niliruka nikamwita mama, na mama ni marehemu.

Akarudia palepale. Nikaruka tena.

Akaondoa kidole. Hakunitazama. Alitazama kule ndoo zilikopangwa.

"Umeteguka tu, mdogo wangu. Nikikuchua mara mbili tatu utarudi."

"Mtani anasema nimevunjika," nikasema nikicheka.

"Mtani!" akasema kaka, naye akacheka. Basi likaisha.

Mtani hakuondoka. Alisimama pale na mwiko mkononi. "Mzee wa nyumba," akamwambia kaka, "mkono uliovunjika hauchuliwi."

"Umeanza lini kuunga mifupa? Kwenu si mnaunga vibuyu?"

"Vibuyu tunaunga, na vinashika maji," akajibu. Lakini hakuna aliyeendelea. Akanitupia mwiko mapajani. "Kaa nao, mpagazi. Utauhitaji."

Kaka akapasha mafuta ya nyonyo, akanichua. Sitaki kusimulia sana. Alipovuta niliona rangi ambazo sijawahi kuziona hata kwenye vitenge. "Vumilia," alikuwa akisema, kwa sauti ileile aliyonitolea miiba utotoni. Nami nikavumilia, maana sauti ile ikisema vumilia mimi navumilia.

Alhamisi nikabeba. Ijumaa nikabeba. Usukani nilikuwa naushika kwa mkono wa kushoto, wa kulia naulaza tu juu kama mgeni aliyealikwa. Kila shimo la njia lilinipigia simu moja kwa moja kifundoni. Mkono ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau, halafu kijani kwa pembeni. Kila jioni kaka ananichua. Kila jioni namwuliza, "Kaka, mbona haurudi?" na kila jioni ananijibu, "Unarudi, unarudi." Mtani akipita anatikisa kichwa: "Marehemu bado anabeba?" Nami nacheka. Mjinga akishapewa kazi ya kucheka haachi mpaka jua litue.

Jumamosi lori likaja, asali ikapakiwa yote. Kaka akanipiga bega, akaniambia mimi ni mwanaume. Jumapili nikapanda basi kurudi mjini, mwiko nimeufungia kwenye begi kama zawadi.

Jumatatu nilifungua kibanda. Mteja wa kwanza akaleta gurudumu lililogongwa. Nikalining'iniza, nikalizungusha, nikachukua ufunguo wa spoksi, nikajaribu kuugeuza robo. Ufunguo ukadondoka. Nikauokota. Ukadondoka tena. Mara ya tatu mteja akauokota yeye, akanipa kwa mikono miwili kwa heshima, kama mtu anayempa mgonjwa uji.

Mke wangu aliletewa habari, akaja na kanga ya kutokea. "Twende," akasema. Hospitali wakanipiga picha, nikakaa mbele ya daktari, kijana mdogo tu, namwita daktari huku ningeweza kumzaa.

Kabla hajaitazama picha alinishika mkono. Akabonyeza kwa kidole kimoja. Upande wa kidole kidogo. Katikati. Akahamia chini ya kidole gumba, kwenye kishimo. Nikaruka.

Na niliporuka pale kwenye kiti, nikamwona baba.

Nilikuwa na miaka kama minane. Mbuzi wa jirani kaumia mguu, kalala uani. Baba kamshika, kaka kachuchumaa kulia, mimi kushoto. Baba anasema: ukitaka kujua kama ni mfupa au ni mshipa, uliza kwa kidole kimoja. Aliyeteguka anaumwa eneo zima, popote ukigusa analalamika kidogo kidogo. Aliyevunjika ananyamaza, ananyamaza, halafu ukifika mahali pamoja anaruka. Ukimkuta pale, usichue. Usivute. Funga vijiti, mwache atulie. Kaka alikuwa anaitikia, "Ndiyo baba, ndiyo baba." Mimi nilikuwa nachezea masikio ya mbuzi.

"Kuna ufa," daktari akasema, akaonyesha kwa kalamu. Kamstari kadogo kama unywele. "Ulianguka lini?"

"Jumatano."

"Ukafanya nini?"

"Nikachuliwa."

Akashusha pumzi. "Mzee, ungekuja siku ileile, au hata ungefunga tu kitu kigumu mkono usicheze, ingekuwa kazi ndogo. Sasa umesogea. Tutakufunga hogo la plasta. Lakini kukunja kama zamani, sikuahidi."

Nilimwuliza kama nitaweza kunyoosha rimu. Hakujua rimu inanyooshwaje. Nikamwonyesha kwa mkono wa kushoto, ile robo ya kugeuza. Akaangalia, akasema, "Tutaona," na mimi nimeshaishi miaka ya kutosha kujua "tutaona" ya daktari inakaa upande gani.

Tulikaa kwenye benchi tukisubiri kufungwa. Nikaanza kumtetea kaka kichwani. Nikasema amezeeka. Nikasema ya mbuzi amesahau, mambo ya miaka mingi. Nikasema kidole chake kimekuwa kigumu kwa kazi, hakisikii. Nilikuwa nimeshamtetea vizuri, nimekaribia kushinda kesi, simu ikaita. Ni shemeji.

"Shemeji, umesahau chaja yako huku."

"Nitaifuata."

"Sawa. Na huo mfupa, umeshaenda kuufungisha?"

Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa amemwambia chochote. Picha nilikuwa nayo mapajani, bado ina joto la mashine.

"Mfupa gani, shemeji?"

Nikasikia kuku kwa mbali, kuku wa kwa kaka.

"Si... si kaka yako alishakwambia? Alisema lori likiondoka tu atakwambia."

"Alijua lini?"

"Shemeji, mimi nilimwambia akwambie. Siku ileile. Nampelekea chakula akasema, mdogo wangu kavunjika, nimeusikia kwa kidole. Nikamwambia, mwambie basi. Akasema, nikimwambia ataondoka, asali itabaki porini."

Nikamwambia ahsante, kana kwamba kanipa tangawizi. Mke wangu akaniuliza nani. Nikasema ni habari za chaja.

Mimi ni mtu wa mzaha, nimezoea kuumia nikacheka. Siku ile nilijaribu kutafuta mahali pa kuchekea sikupaona. Nilikuwa nauona uso wake unageuka kutazama ndoo. Nilikuwa nasikia "unarudi, unarudi," jioni tatu, vidole vinazunguka palepale anapojua pamevunjika, mafuta ya moto, "vumilia." Baba alimfundisha kidole kile kitafute palipovunjika ili pasiguswe. Yeye alipatafuta, akapapata, akapagusa.

Baada ya siku mbili alipiga mwenyewe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nasikia wamekufunga."

"Wamenifunga."

"Lori lilikuwa linakuja Jumamosi. Ningempata nani?"

"Mimi."

"Ndiyo, wewe. Ningekwambia ungeondoka."

"Nisingeondoka, kaka."

"Ungeondoka."

"Ungesema, 'Umevunjika, mdogo wangu, lakini nakuomba.' Ningefunga mwiko ule nikabeba. Ningekokota kwa mguu mpaka lori lifike. Wewe hunijui?"

Akasema huko kijijini kuna upepo mkali, hasikii vizuri, atapiga tena. Hakupiga.

Nilikaa na hogo wiki sita. Wateja walikuwa wanaligonga kwa vidole, "Hodi, fundi yumo?" Ndani linawasha, nikawa naingiza spoksi ya zamani kujikuna, mke wangu akanikamata, akanitisha kwamba nikijichubua kutaoza mle ndani nikatwe mkono. Nikaacha. Mkono niliulaza juu ya mto kila nikikaa, vidole nikavichezesha kama walivyonielekeza. Siku lilipokatwa ulitoka mkono mwembamba mweupe wa mtu nisiyemjua. Nikaanza kuukanda kwenye maji ya vuguvugu, na kuminya kitonge cha mpira nilichokata kwenye tyubu kuukuu, asubuhi na jioni.

Rimu ya kwanza niliyonyoosha ilizunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Ya pili vilevile. Yule mwenye gurudumu la kwanza alishampelekea fundi mwingine, na sikumlaumu. Ikabidi nianze upya, kujifunza kwa kushoto, mtu mzima mwenye mvi anaanza darasa la kwanza la mkono wa kushoto. Siku hizi inatulia. Inachukua muda mara mbili, lakini inatulia.

Miezi kama mitatu baada ya kuanguka, kaka akaja. Nilikuwa nimeinama, nikaona miguu yake kwanza. Alikuwa anakokota baiskeli ileile ya korongo, ameishusha kwenye basi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mkono?"

"Upo."

Aliuangalia, halafu akaangalia baiskeli. "Gurudumu la mbele linayumba tangu siku ile. Nataka jioni niondoke nayo, nipitie kwa dada kabla ya kurudi. Mwendo mrefu."

Nikaipindua. Gurudumu lilikuwa limepinda kidogo tu, kazi ya dakika chache hata kwa kushoto. Nikalinyoosha. Nilipokuwa nalirudisha nikapitisha kidole kwenye uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, juu, pale shingoni, chini ya vumbi na grisi. Kidole cha kushoto, kimoja. Kikapita, kikapita, kikakwama. Nikafuta kwa kitambaa. Kamstari kama unywele.

Uma wa namna hiyo unaweza kukubeba wiki. Unaweza kukubeba mpaka kwenye mteremko wa kwanza, halafu ukakatika ukiwa kwenye mwendo, ukaondoka na meno yako. Hakuna anayeuona isipokuwa fundi. Nikakaa pale nimeushika. Kaka amesimama juu yangu, anasubiri, anatazama saa ya simu.

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Yalikuwa mepesi, ningeyasema nikicheka: rimu tu kaka, panda uende. Sikuhitaji hata kumtazama. Palikuwa na ndoo ya maji pembeni, ningeitazama hiyo.

"Uma umevunjika," nikamwambia. "Usiipande."

"Mbona mimi sioni?"

"Leta kidole."

Akachuchumaa. Nikamshika kidole chake kile cha shahada, nikakipitisha taratibu kwenye chuma mpaka kikafika. Nilikiona kinasimama. Hakukiondoa haraka. Tulikuwa tumechuchumaa hivyo, yeye kulia, mimi kushoto, baiskeli katikati imelala kama mbuzi.

"Ndiyo," akasema, taratibu sana.

Nilingoja. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi wananong'ona habari za mpira. Nilingoja aseme neno juu ya mkono wangu, na kama angelisema hata vibaya, hata kwa kukohoa, ningelipokea. Akasimama, akapangusa magoti.

"Una uma mwingine?"

"Sina. Labda kesho."

"Basi nitaiacha. Nitakwenda kwa basi." Akavaa kofia, akaivua. "Halafu mtani wako. Anadai mwiko wake. Anasema mpaka leo anasonga ugali wa shughuli kwa mwiko wa kuazima. Amenipa na bangili yako nikuletee. Nipe mwiko nimpelekee, napita kwake."

Akatoa bangili mfukoni, akaiweka juu ya boksi la spana. Nikaichukua kwa mkono wa kushoto, nikajaribu kuivaa wa kulia. Haikuingia, kifundo kimebaki kinene. Nikaitia mfukoni.

Mwiko ulikuwa ukutani, juu ya magurudumu, nimeutundika kwa waya. Kaka alishauona. Alinyoosha mkono.

"Uache," nikamwambia. "Mwambie aje auchukue mwenyewe."